Kuongeza biogesi ya tope la majitaka kwa madini: namna ya kupima, kukokotoa na kuweka dozi

Gesi yote hutoka kwenye viozavyo, yaani vitu vinavyoweza kuoza, vilivyomo ndani ya tope. Kazi ya madini ni kuondoa kikwazo kinachowazuia bakteria kuvimaliza: salfaidi inayowasumbua, asidi iliyorundikana, amonia iliyozidi, au upungufu wa metali chache ambazo bila hizo vimeng'enya vyao haviundiki. Kama kikwazo chako ni baridi, au mchanga uliojaza theluthi ya tangi, hakuna gunia la madini litakalokusaidia. Ndiyo maana hapa vipimo vinatangulia na dozi inafuata.

Mwongozo huu ni wa wanaoendesha daijesta za majitaka (matangi yaliyofungwa ambamo tope huozeshwa bila hewa), ziwe kubwa kama za Bugolobi jijini Kampala au ndogo za shule, hospitali na magereza. Angalia kwanza tope lako linatoka wapi. Tope la chini ya mabwawa ya kusafishia majitaka, kama yale ya Ruai nje ya Nairobi au Vingunguti jijini Dar es Salaam, limekaa miaka mingi na limekwisha kuoza. Tope la matangi ya septiki linaloletwa na magari ya kunyonya ni vivyo hivyo. Gesi imo kwenye tope bichi la tangi la kwanza la kutuamisha, na baada ya hapo kwenye tope la bakteria linalotolewa tangi la hewa.

Hatua ya 1: Maliza yasiyohitaji madini

Joto liwe 35 hadi 37 °C, na lisipande wala kushuka zaidi ya digrii moja kwa siku. Tope likae ndani siku 15 kwa uchache, na 20 ni salama zaidi. Likiingia na ukavu (sehemu isiyo maji) wa asilimia 2, lifanye zito kwanza: ukilifikisha asilimia 4, ujazo unaoingia unapungua nusu na muda wa kukaa unakuwa maradufu bila kujenga tangi jipya. Hakuna madini yanayokupa faida ya namna hiyo kwa gharama hiyo.

Pima pia kina halisi cha tangi kwa fimbo ndefu au uzani uliofungwa kamba, kutoka tundu la ukaguzi lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Daijesta nyingi zinazodaiwa "kukosa virutubisho" zimejaa mchanga tu.

Hatua ya 2: Vipimo vya wiki mbili kabla ya kugusa dozi

Andika kila siku: ujazo wa tope linaloingia, ukavu wake, viozavyo vyake (sehemu inayoungua tope kavu likichomwa kwa 550 °C), joto, pH, ujazo wa gesi, asilimia ya methani na ppm (sehemu kwa milioni) za hidrojeni salfaidi (H2S).

Mara mbili kwa wiki pima uwiano wa asidi kwa alkali. Chuja tope la daijesta, chukua mililita 20 za maji yake, tia asidi ya salfuriki ya 0.1 N kidogo kidogo huku ukikoroga, hadi pH ifike 5.0. Andika mililita ulizotumia, tuziite A. Endelea hadi pH 4.4 na andika mililita za nyongeza peke yake. Hizo ni B. Kisha:

Alkali (mg/L ya CaCO3) = A × 250
Asidi (mg/L) = (B × 1.66 − 0.15) × 500

Gawanya asidi kwa alkali. Chini ya 0.3 daijesta iko salama. Ikipita 0.4, punguza ulishaji siku hiyo hiyo na usianze majaribio yoyote ya madini. pH peke yake haitoshi: inaanza kushuka pale alkali ilipokwisha kuliwa, yaani umechelewa.

Tutatumia mtambo mmoja wa mfano hadi mwisho. Daijesta ya m³ 500, inalishwa m³ 25 kwa siku za tope lenye ukavu wa asilimia 4, viozavyo asilimia 70. Hiyo ni kilo 1,000 za tope kavu, kilo 700 za viozavyo. Ikiozesha asilimia 45 yake ni kilo 315, na kwa m³ 0.9 za gesi kwa kila kilo iliyoozeshwa unapata kama m³ 283 kwa siku. Kama hesabu ya mtambo wako inasema 283 na mita inasoma 150, tafuta kwanza uvujaji na mita mbovu.

Hatua ya 3: Linganisha dalili na madini yake

*Chuma, H2S inapokuwa juu*

Haya ndiyo madini yenye ushahidi mwingi na matumizi makubwa zaidi katika mitambo ya majitaka. Chuma hushika salfaidi na kuwa unga mweusi wa FeS usioyeyuka. Faida zake ni mbili: gesi inakuwa safi kwa injini, na nikeli na kobalti zilizokuwa zimenaswa na salfaidi zinapata nafasi ya kuwafikia bakteria.

Dozi inakokotolewa. Tuseme gesi ina ppm 3,000 za H2S, yaani asilimia 0.3. Kwa m³ 283 hiyo ni m³ 0.85, na kwa kilo 1.4 kwa kila mita ya ujazo ni kilo 1.2 za H2S kwa siku. Kilo moja ya H2S inataka kilo 1.64 za chuma, basi hapa ni kilo 2. Ila salfaidi nyingine imeyeyuka kwenye maji ya tope, na fosfeti nayo inanyang'anya chuma kwa kutengeneza vivianaiti (fosfeti ya chuma). Zidisha kwa 3: kilo 6 za chuma kwa siku. Feri kloraidi ya maji ya asilimia 40 ina karibu kilo 0.195 za chuma kwa lita, hivyo ni kama lita 31 kwa siku.

Kabla hujamwaga, hesabu alkali. Kila kilo ya chuma cha feri kloraidi inaweza kula alkali ya kilo 2.7 (kama CaCO3). Kilo 6 zinakula kilo 16, na zikigawanywa kwa m³ 25 ni karibu mg 640 kwa lita. Daijesta yenye alkali ya 3,500 itavumilia. Yenye 1,500 utaiangusha.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi kwa sababu ya bei: ferasi salfeti (FeSO4), ile chumvi ya kijani ya maduka ya pembejeo. Ina chuma asilimia 20, lakini kila atomu ya chuma inakuja na salfeti yake, na ndani ya daijesta salfeti hugeuzwa salfaidi. Chuma ulicholeta kinaishia kushika salfa uliyoileta mwenyewe. Zaidi ya hapo, bakteria wanaogeuza salfeti hula chakula kile kile cha watengeneza methani: gramu 96 za salfeti zinagharimu gramu 16 za methani. Kwa sababu hiyo hiyo usilete jasi, wala tope la alamu (chumvi ya alumini ya kusafishia maji) kutoka mtambo wa maji safi bila kulipima salfeti.

*Chuma chakavu na kutu*

Skrepa inafanya kazi tofauti kidogo na chumvi ya chuma. Chuma kinachoharibika ndani ya tope hutoa hidrojeni, na vijidudu huiunganisha na kaboni dioksaidi kuwa methani. Kutu yenyewe nayo husaidia bakteria wengine kuvunja asidi. Chunga ahadi za wauzaji. Kwa hesabu ya kemia, kilo moja ya chuma ikiisha yote haiwezi kutoa zaidi ya lita 100 za methani. Ukiona ongezeko kubwa kuliko hilo, limetoka kwenye tope lililooza vizuri zaidi, au kwenye kosa la kipimo.

Tumia maranda ya chuma cheusi kutoka karakana za kerezo. Yakatae yafuatayo: mabati na chochote chenye rangi ya zinki, kwa kuwa zinki ni sumu kwa bakteria; vipande vilivyopakwa rangi; shaba nyeupe na shaba nyekundu; na chuma kisichoshika kutu, ambacho kitakaa tu bila kubadilika. Maranda ya kerezo huja yamelowa mafuta ya kukatia. Yaoshe kwa maji ya moto na sabuni, suuza hadi povu liishe kabisa, kisha yatandaze sakafuni, yanyunyizie maji asubuhi na jioni mpaka yawe mekundu ya kutu pande zote. Yasihifadhiwe yakiwa mabichi kwenye pipa lililofungwa, maana hidrojeni inalipuka.

Majaribio mengi ya maabara hutumia gramu 1 hadi 20 kwa lita. Kwa m³ 500, gramu 10 kwa lita ni tani tano. Ukizimwaga tani tano ovyo, zitazama na mchanga, na maranda yatajisokota kwenye pampu na mota ya kukorogea. Weka kilo mia chache ndani ya vizimba vya plastiki ngumu kwenye tangi la nje ambalo tope la mzunguko hupitia, mahali utakapoweza kufunga valvu na kuvitoa. Chuma kikipungua hadi nusu, ongeza.

*Nikeli, kobalti, molibdeni, seleniamu*

Nikeli imo katika kiini cha kimeng'enya cha mwisho cha kutengeneza methani, na kobalti imo kwenye vitamini B12 inayobeba kaboni hadi hapo. Hata hivyo tope la mji huwa na metali hizi tayari. Upungufu wa kweli huonekana mtambo unapoanza kupokea mabaki ya vyakula au mafuta ya hoteli kwa wingi: asidi, hasa ya propioniki, inapanda polepole kwa wiki kadhaa ilhali joto na ulishaji havijabadilika.

Hapo anza na mg 0.2 kwa lita ya tope linaloingia kwa kobalti na kwa nikeli, 0.1 kwa molibdeni na 0.1 kwa seleniamu. Kwa m³ 25, kobalti ni gramu 5 kwa siku, sawa na gramu 20 za kobalti kloraidi yenye maji sita, kwa kuwa kobalti ni robo tu ya uzito wake. Watu hukosea hapa: wanapima chumvi wakidhani wanapima metali. Chumvi za nikeli na kobalti husababisha kansa kwa vumbi lake, hivyo yeyusha kwa glavu na barakoa ya vumbi. Usiweke madini haya "kwa tahadhari". Hayaozi, yanabaki kwenye tope linalokwenda shambani.

*Magadi, baikaboneti na chokaa*

Haya ni ya kuokoa daijesta iliyochachuka. Kupandisha alkali kwa mg 1,000 kwa lita kwenye m³ 500 kunataka kilo 840 za sodiamu baikaboneti au kilo 530 za magadi yaliyosafishwa (Na2CO3). Baikaboneti ni ghali ila salama. Magadi, ambayo Ziwa Magadi nchini Kenya huyatoa kwa wingi, hunyonya kaboni dioksaidi ya gesi kabla ya kutulia. Chokaa hunyonya zaidi. Ukimwaga gunia baada ya gunia, gesi iliyo juu inasinyaa, kunakuwa na mvuto ndani, paa linaweza kuporomoka au hewa kuingizwa na kutengeneza mchanganyiko wa kulipuka. Gawanya dozi katika siku nne au tano, yeyusha kila sehemu kwenye maji, na mtu mmoja asimame kwenye geji ya shinikizo wakati wote. Chokaa isipitishe pH ya 6.8, ukiendelea, inaganda kuwa mawe ya CaCO3 kwenye mabomba na alkali haiongezeki.

Magadi ghafi ya sokoni yana udongo, chumvi na floraidi. Yapitishe kwanza kwenye jaribio la chupa. Na jumla ya sodiamu isikaribie gramu 3.5 kwa lita, maana bakteria huanza kulegea hapo.

*Zeolaiti*

Madini haya yenye vitundu vidogo yanasifiwa sana kuliko yanavyostahili kwenye tope la majitaka. Ni kweli klinoptilolaiti, aina moja ya zeolaiti, hushika amonia. Lakini tope la ukavu wa asilimia 4 kwa kawaida lina nitrojeni ya amonia kati ya mg 800 na 1,500 kwa lita, na usumbufu huanza kati ya 1,500 na 3,000 pale pH inapozidi 7.4. Hata ukiwa umefika huko, fanya hesabu: kushusha mg 500 kwa lita kwenye m³ 25 ni kilo 12.5 za nitrojeni kila siku, na kwa gramu 10 za nitrojeni kwa kilo ya zeolaiti unahitaji kilo 1,250 kwa siku. Kulegeza ulishaji au kuongeza maji kidogo kunamaliza tatizo bure. Ukitaka kuijaribu hata hivyo, nunua yenye cheti cha aina ya madini. Majivu ya volkeno ya Bonde la Ufa yana zeolaiti za namna nyingi, na moja, erionaiti, ina nyuzi zinazosababisha kansa ya utando wa mapafu.

Hatua ya 4: Jaribio la chupa

Usipeleke madini yoyote kwenye daijesta kabla ya hili.

Chukua tope kutoka daijesta inayofanya kazi, lichuje kwa wavu wa mm 2, liache siku tatu hadi tano kwa 37 °C limalize chakula chake. Hili ndilo tope la mbegu. Tumia chupa za lita moja, zijazwe mililita 700. Gramu mbili za viozavyo vya mbegu kwa gramu moja ya viozavyo vya tope bichi. Kila kundi liwe na chupa tatu:

1. Mbegu peke yake.
2. Mbegu na tope bichi.
3. Mbegu, tope bichi na madini, kwa dozi mbili au tatu tofauti.
4. Mbegu na madini bila tope bichi. Wengi huliacha kundi hili, na bila hilo huwezi kujua kama hidrojeni ya chuma ndiyo inayokudanganya.
5. Mbegu na selulosi safi. Ukipata chini ya mililita 350 za methani kwa gramu, mbegu yako ni dhaifu au chupa zinavuja, rudia.

Fukuza hewa kwa naitrojeni, funga, weka kwenye maji ya 37 °C. Tikisa mara mbili kwa siku. Bomba la gesi lipite kwenye chupa ya soda kali (gramu 120 za NaOH kwa lita) inayonyonya kaboni dioksaidi na H2S, kisha liingie kwenye silinda iliyopinduliwa ndani ya maji. Kinachosukuma maji ni methani. Soda ikichoka, methani "inaongezeka" ghafla kwenye chupa zote. Tia ndani ya soda thimolfthaleini, rangi inayoonyesha kama soda bado ipo, na rangi ya buluu ikipotea badilisha.

Soma kila siku hadi ongezeko la siku liwe chini ya asilimia 1 ya jumla kwa siku tatu mfululizo. Kwa kawaida ni siku 25 hadi 30.

Rekebisha ujazo:

V sanifu = V × 273 ÷ (273 + T) × (P − Pm) ÷ 101.3

T ni joto la silinda, P ni shinikizo la hewa la mahali ulipo kwa kPa, Pm ni la mvuke wa maji (3.2 kwa 25 °C). Hesabu hii si ya mapambo. Dar es Salaam, lita moja uliyoisoma ni lita 0.89 sanifu. Nairobi, ambako hewa ina kama kPa 82.5, ni 0.72. Anayelinganisha chupa zake za Nairobi na takwimu za pwani bila kurekebisha amejipa tofauti kubwa kuliko faida ya madini yoyote yaliyotajwa hapa.

Kundi la 3 lisipozidi kundi la 2 kwa zaidi ya tofauti iliyopo kati ya chupa tatu za kundi moja, madini hayajafanya kitu. Na usitegemee asilimia za chupa zijirudie kwenye tangi; hushuka, kwa sababu tangi halikorogwi vizuri kama chupa.

Hatua ya 5: Kuweka dozi kwenye daijesta

Anza na theluthi ya dozi kwa siku saba, theluthi mbili kwa siku saba, kisha dozi kamili. Feri kloraidi ikae kwenye tangi la plastiki ngumu na ipite bomba la PVC. Inakula chuma na alumini. Iingize kwenye bomba la tope linaloingia, kabla ya pampu au kona, ichanganyike. Wanaoishughulikia wavae miwani, glavu ndefu na aproni ya mpira. Isikae chumba kimoja na klorini ya maji: zikikutana hutoka gesi ya klorini.

H2S itashuka ndani ya siku chache. Methani haina haraka hiyo. Tope la zamani hutoka polepole, na inachukua muda wa kukaa mara tatu, hapa siku 60, kwa asilimia 95 ya tope kuwa limepata dozi mpya. Anayetoa hukumu wiki ya pili anahukumu tope la zamani.

Yanayoharibika na sababu zake

H2S imeshuka, gesi nayo imeshuka: alkali imeliwa na feri kloraidi. Pima uwiano, punguza dozi nusu, ongeza baikaboneti.

H2S haishuki kabisa: chuma kinaishia kwenye fosfeti, au dozi inaingia kwa mkupuo mmoja asubuhi na tope saa nyingine. Tumia pampu ndogo ya dozi inayofanya kazi sambamba na ya tope.

Mabomba yanaziba kwa fuwele nyeupe ngumu: mara nyingi ni struvaiti ya magnesiamu, amonia na fosfeti. Chuma huipunguza kwa kushika fosfeti. Madini yoyote yenye magnesiamu, ikiwamo chokaa ya dolomaiti, huizidisha.

Methani imepanda kwa asilimia lakini ujazo wa gesi ni ule ule au umepungua: umeongeza alkali, na kaboni dioksaidi imebaki kwenye maji. Hesabu mita za ujazo za methani, si asilimia.

Kipimo cha H2S kisichukuliwe kwa pua. Kuanzia kama ppm 100 pua inakufa ganzi na harufu inatoweka. Ppm 500 hadi 1,000 zinaua. Hakuna kuingia ndani ya daijesta au shimo la valvu bila kipimo cha gesi, kamba, na mtu anayebaki juu.

Hesabu ya pesa

Chukua ongezeko la asilimia 10 kwenye mtambo wa mfano: m³ 28 za gesi, karibu m³ 17 za methani, kama kWh 169 za joto. Jenereta yenye ufanisi wa asilimia 35 itatoa kWh 59 za umeme kwa siku. Zidisha kwa bei unayolipa TANESCO, Kenya Power au shirika la kwenu, kisha toa bei ya lita 31 za feri kloraidi na usafiri wake. Kwa mitambo mingi umeme wa nyongeza peke yake haulipi. Kinacholipa ni injini: nyingi zinataka H2S chini ya ppm mia chache, na mafuta ya injini yaliyochachushwa na salfa hubadilishwa mapema mno. Weka gharama ya mafuta, plagi na siku za kusimama kwenye safu moja na umeme ndipo uamue. Kama huna jenereta, gesi inakwenda jikoni tu na H2S ni ppm 300, baki bila dozi.

Kila miezi sita, peleka sampuli ya tope linalotoka ipimwe zinki, nikeli, kobalti na kadimi kabla halijapelekwa shambani, na linganisha na sampuli uliyochukua kabla ya dozi ya kwanza. Sampuli hiyo ya mwanzo huwezi kuipata tena, kwa hiyo ijaze kwenye chupa mbili, ikaushe moja na uihifadhi.